Samaki "aliyeboreshwa" au "aliyebadilishwa"?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Minnesota, natafsiri vipeperushi vya chakula kwa familia zinazoongea Kiswahili, wengi wao wametoka Kongo. Kuna sehemu inaongelea salmoni wa GMO (yaani jeni zake, zile chembe za urithi, zimeguswa na wanasayansi) na ile lebo ya "bioengineered", neno la Kiingereza wanaloandika kwenye pakti za vyakula hivyo. Niandike samaki "aliyeboreshwa" au samaki "iliyobadilishwa"?

JIBU: Marahaba dada. Tuanze na hilo "iliyo" maana ndo jepesi. Najua mitaani watu wanasema "samaki hii" na wanaelewana vizuri tu, lakini kwenye maandishi samaki ni yeye, hata akishakaangwa na kuwekwa ndimu bado ni yeye, kwa hiyo aliyebadilishwa. Ukisema minofu hapo sawa, minofu iliyotokana na samaki aliyebadilishwa.

Sasa huko kuboreshwa ndo kuna kesi. Huyo salmoni wako Marekani walimruhusu 2015, ni salmoni wa Atlantiki kapandikizwa jeni ya homoni ya ukuaji ya salmoni wa chinook, pamoja na kipande cha kuiwasha hiyo jeni kilichotoka kwa samaki mwingine kabisa wa maji ya baridi, ndo maana anakua haraka kuliko wenzake. Wakanada walianza kumla 2017 bila lebo yoyote maana sheria yao haikudai. Marekani sheria ya lebo ilipita 2016 ikawa lazima kuanzia 1 Januari 2022, na hapo ndo wakachagua "bioengineered" wakati mnunuzi wa kawaida alishazoea GMO, wengine wakalalamika kwamba neno limelainishwa makusudi, na mimi nawaelewa. Sasa wewe ukiandika "aliyeboreshwa" umelainisha mara ya pili! Ubora ni sifa, na kazi ya lebo sio kumsifia samaki.

Halafu aliyeboreshwa tayari ana mwenyewe. Kuna sato wa GIFT (kifupi cha Kiingereza, maana yake sato wa kufugwa aliyeboreshwa), walianza kumzalisha Ufilipino miaka ya 80 mwishoni, yule wanachagua tu wazazi wanaokua vizuri wanazalisha, kizazi baada ya kizazi, kama mfugaji anavyochagua dume la mbegu. Hakuna jeni ya kupandikiza hapo. Huyo mwite aliyeboreshwa, hana kosa. Ukiwapa wote wawili jina moja msomaji atawatofautishaje?

Vinasaba au jeni? Vinasaba ni neno zuri, limetoka kwenye nasaba, ila Tanzania mtu akisikia vinasaba akili inaenda kwenye kupima mtoto ni wa nani 😂 halafu sina hakika kama mama aliyetoka Bukavu atalipata haraka. Mimi ningechukua jeni. Na "samaki wa maabara" usiandike kabisa, ataelewa nyama iliyooteshwa kwenye chupa.

Kwa hiyo andika: "Samaki huyu amebadilishwa jeni (GMO/OGM)." Hiyo OGM usiiache, wasomaji wako wamesoma kwa Kifaransa na wengi wanaijua hiyo kabla ya GMO. Neno la kwenye pakti liache kama lilivyo pembeni ya sentensi, maana dukani atatafuta herufi zile zile, sio tafsiri yako.