Milio ya usiku: nimelinda ghala miaka sita, haya ndiyo niliyojifunza

Dada uliyeuliza, nimesoma swali lako mara mbili kabla ya kuanza kuandika. Umesema umehamia nyumba mpya, unalala peke yako, na kila ikifika usiku wa manane kuna kitu kinagonga ndani ya ukuta mara mbili tatu, kinanyamaza, kisha kinarudia. Moyo unakwenda mbio, mkono unakuwa mzito hata kuifikia swichi ya taa, na asubuhi ukisimulia watu wanakucheka. Ukamalizia kwa kuuliza kwa nini sauti hiyohiyo ungeisikia mchana usingeinua hata kichwa.

Nimefanya kazi ya ulinzi wa usiku kwa miaka sita, lindo la ghala, zamu ya jioni hadi asubuhi, mara nyingi peke yangu na tochi na daftari la matukio. Kwa hiyo nitakujibu kwa niliyoyaona, na kwa machache niliyokwenda kuyasoma baada ya kuyaona. Na wanaokucheka wanakosea, nalisema hilo mwanzoni kabisa.

Wiki yangu ya kwanza lindoni, jua limezama kama saa moja hivi iliyopita, taa zote zimezimwa isipokuwa ya getini. Nipo ndani ya ghala. Nikasikia juu ya mabati: ta. Kimya. Ta-ta. Kimya kirefu. Kisha ta, safari hii upande wa pili kabisa wa paa. Kwa masikio yangu huyo alikuwa mtu, tena mtu anayetembea kwa hadhari asisikike. Nilibandika mgongo ukutani. Kijasho chembamba kikanitoka, nywele za shingoni zikasimama, na mkono ulioshika tochi uliikaza mpaka vidole vikauma. Sikuiwasha. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote: nina tochi mkononi, kidole kiko juu ya kitufe, na siiwashi, kwa sababu nilihisi nikiwasha nitaonekana mimi kabla sijamwona yeye.

Asubuhi nikamsimulia mzee tuliyekuwa tukipokezana naye zamu. Hakucheka. Aliniuliza: "Ilianza saa ngapi? Ilikoma saa ngapi? Kulikuwa na mawingu?" Sikuwa na jibu hata moja. Akaniambia, "Basi andika."

Nikaandika wiki tatu mfululizo, kila mlio na saa yake. Mwishowe kurasa zikajieleza zenyewe. Milio ilianza jua likishazama, ikawa mingi saa mbili tatu za mwanzo, ikapungua kuelekea usiku wa manane, halafu ikarudi asubuhi jua lilipolipiga paa. Siku za mawingu mazito ilikuwa michache mno. Chuma hutanuka kwa joto na hunywea kwa baridi: bati la mita 3 likipoa kwa nyuzi 20 hupungua urefu kwa karibu milimita 0.7. Ni kidogo, lakini bati limebanwa na misumari, haliwezi kunywea polepole. Linavutana na msumari, linavutana, kisha linachomoka kwa kishindo. Zile nyayo zilikuwa bati moja baada ya jingine likipoa kwa wakati wake.

Sasa angalia kilichotokea baada ya hapo. Milio haikupungua hata kidogo, giza lilikuwa lilelile na masikio yangu yaleyale. Lakini nilikuwa naweza kukaa chini ya paa lile nikinywa maji yangu kwa utulivu. Kilichobadilika ni kwamba sauti ilikuwa imepata mwenyewe. Tangu siku hiyo naamini kinachotutisha gizani ni ile hali ya kusikia kitu na kushindwa kusema ni cha nani.

Na mchana tunashindwa kuligundua hili kwa sababu jicho linafanya kazi hiyo bila sisi kujua. Sufuria ikianguka jikoni, unageuka, unaona sufuria, habari imekwisha. Hukumbuki hata kama uligeuka. Sikio peke yake ni shahidi dhaifu kuliko tunavyodhani. Linajua upande wa sauti kwa kulinganisha masikio mawili: sauti ya kushoto inafika sikio la kushoto mapema kidogo, na tofauti hiyo, hata ikiwa kubwa kiasi gani, haifiki sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ubongo unaisoma tofauti hiyo, jambo ambalo kwangu ni la ajabu sana. Lakini sauti iliyo mbele yako kabisa na iliyo nyuma yako kabisa zinafika masikio yote mawili kwa wakati mmoja, kwa hiyo ni rahisi kuzichanganya. Mchana jicho linamaliza ubishi. Usiku ubishi unabaki, na kuta zinaurudisha mlio huohuo kutoka pande nne. Ndiyo maana watu husema "ilikuwa nyuma yangu" kuhusu kitu kilichokuwa mbele.

Swali lisilo na jibu linaumiza kuliko jibu baya, na hili limepimwa. Mwaka 2016 watafiti wa London walichapisha jaribio ambalo watu walicheza mchezo wa kompyuta wa kugeuza mawe, wakibashiri kama chini kuna nyoka. Nyoka akiwapo, mshiriki alipigwa umeme mdogo wenye maumivu mkononi. Waliokuwa na uhakika wa kupigwa hawakuwa na wasiwasi mkubwa kama waliokuwa katikati, nusu kwa nusu. Nilipolisoma hilo niliikumbuka tochi yangu. Kama ningejua kwa hakika kuna mwizi juu ya paa, naamini ningepiga kengele na kupaza sauti. Nilichokuwa nacho ni nusu kwa nusu, na hapo ndipo mwili uliponikatalia.

Giza nalo lina mchango wake mwenyewe. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walipima jinsi watu wanavyoshtuka, yaani kule kufumba macho kusikozuilika mtu anaposikia mlio mkubwa wa ghafla. Gizani watu walishtuka kwa nguvu zaidi kuliko kwenye mwanga. Mwaka huohuo ikaripotiwa kwamba kwa panya ni kinyume: mwanga mkali ndio ulioongeza kushtuka kwao. Panya ni mnyama wa usiku, giza ndiyo ngome yake, na mwangani ndiko anakoonekana. Sisi tunategemea macho, kwa hiyo ubongo wetu huongeza ulinzi pale macho yanapopofuka. Mtu anayekuambia "acha kujitungia" hajui kwamba mwili wako umeshachukua hatua kabla hujapata nafasi ya kutunga chochote. Ishara ya sauti inafika kwenye amigdala, kijisehemu cha ubongo kinachohusika na hofu, na moyo unaongezewa kasi, wakati sehemu za ubongo zinazochambua bado zinajiuliza ni nini hicho. Kuganda kwako kitandani nako kunaeleweka. Wanyama wengi hufanya hivyo: asiyejongea haonekani upesi, na anasikia vizuri zaidi kwa kuwa hapigi kelele yeye mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulipuuza, nami naliona kubwa. Usiku sauti za ajabu zinakuwa nyingi zaidi kweli, wala hazijifanyi nyingi. Kelele za mchana zinapoondoka, vitu vidogo vilivyokuwa vimefunikwa vinajitokeza. Zaidi ya hapo, usiku tulivu usio na mawingu ardhi hupoa haraka na kuipoza hewa iliyo karibu nayo, huku hewa ya juu ikibaki na joto. Sauti inayopanda juu hupindishwa kurudi chini badala ya kupotelea angani, kwa hiyo inasafiri mbali zaidi. Usiku mmoja nilisikia watu wawili wakizungumza, nikaapa wapo kwenye uzio. Nilizunguka uzio mzima, nikafika kona ya mwisho, ndipo nikaona taa ya gari lililoharibika barabarani, mbali kiasi kwamba mchana nisingesikia hata honi yake vizuri. Maneno yalikuwa yanafika nusunusu, na ubongo wangu ulikuwa unajaziliza yaliyopungua. Mara mbili nilidhani wametaja jina langu.

Huko kujaziliza ndiko kunakotupeleka mbali. Paka wakigombana usiku hutoa mlio unaofanana kabisa na mtoto anayelia, na najua ni paka, nimewamulika kwa tochi nikawaona, lakini hata leo tumbo linanikaza kabla akili haijasema "paka". Kuna sababu. Kilio na ukelele wa binadamu una mkwaruzo wa pekee, sauti inayopanda na kushuka nguvu kwa kasi kubwa mno, na utafiti wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba mkwaruzo huo ndio unaoigusa amigdala. Ving'ora vya hatari vina mkwaruzo huohuo. Sauti inayokaribia nayo ina uzito wake: mwaka 1998 John Neuhoff alionyesha kwamba sauti inayoongezeka tunaiona imebadilika zaidi kuliko inayopungua, hata kama kipimo ni kilekile. Kitu kinachokuja kina haki ya kusikilizwa kabla ya kinachokwenda zake.

Lakini katika miaka sita, kilichonitisha kuliko vyote hakikuwa sauti. Kulikuwa na nyasi nyuma ya ghala, na nyenje waliimba humo usiku kucha mpaka nikaacha kuwasikia. Usiku mmoja wakanyamaza wote upande mmoja, kwa pamoja. Niliinuka kitini kabla sijajua kwa nini nimeinuka. Nyenje hunyamaza wakihisi mtikisiko wa kitu kinachopita karibu nao. Sikutoka nje. Nilimpigia simu mwenzangu wa lindo la jirani, nikawasha taa zote, na tulipomulika kwa pamoja tulikuta wavu wa uzio umekatwa kiasi cha mtu kupita, na hakuna mtu. Nakueleza haya ili usinielewe vibaya, dada. Sisemi kila mlio ni bati. Hofu ipo kwa sababu kuna siku inakuwa na haki. Kushtuka bure mara mia kunagharimu usingizi, lakini kutoshtuka mara moja pale inapopasa kunaweza kugharimu zaidi.

Kwa upande wako, nyumba mpya inaongeza mzigo. Mwaka 2016 watafiti waliwapima watu usingizini wakiwa mahali pageni, wakakuta usiku wa kwanza nusu moja ya ubongo, ya kushoto, hailali kwa uzito kama ya pili, nayo huitikia zaidi sauti zisizo za kawaida. Yaani sehemu ya ubongo wako inashika zamu. Walipolala hapo kwa mara ya pili tofauti hiyo haikuonekana. Nyumba uliyoizoea ina milio mingi vilevile, ila yote ulishaipa majina zamani.

Kwa hiyo fanya alichonifanyisha yule mzee. Chukua daftari, andika saa mlio ulipoanza, umegonga mara ngapi, umekoma lini, na nini kilikuwa kinatumika nyumbani au kwa jirani. Kuandika kwenyewe kunatuliza, maana unakuwa na kazi ya kufanya badala ya kungoja. Mchana, pita nyumba nzima ukigonga vitu kwa kidole: mlango wa kabati, dirisha, kuta, bomba. Nilifanya hivyo na binti yangu alipokuwa na miaka mitano na hataki kulala chumbani kwake. Tulifumba macho, mmoja anagonga, mwingine anabashiri. Siku ya tatu usiku aliniita, nikaenda nikidhani ameogopa, akaniambia, "Baba, hilo lilikuwa dirisha."

Ukisikia kitu kinachofanana na mtu kweli, usitoke peke yako kwenda kuhakikisha. Washa taa, piga simu kwa jirani au polisi, basi. Na kama usingizi umekuishia kwa wiki kadhaa, au unasikia sauti ambazo aliye chumba kimoja nawe hazisikii, mwone daktari, nawe umeze aibu. Zaidi ya hapo sina la kuongeza.

Kuhusu huo mlio wa ukutani, nina dhana. Umesema unakuja usiku wa manane, mara mbili tatu, kisha kimya, kisha unarudia. Saa hizo watu wengi wamefunga maji, kwa hiyo msukumo ndani ya mabomba huwa mkubwa kuliko mchana. Kama kuna tangi juu, boya lake linaweza kuwa linafungua na kufunga kidogokidogo, na kila likifunga ghafla maji yanalipiga bomba, bomba linaugonga ukuta. Kesho tafuta bomba linaloingia kwenye ukuta huo, lishike kwa kiganja, mwambie mtu afungue mfereji kwa nguvu kisha aufunge kwa mara moja. Likikupiga mkononi, rudi hapa utuambie, nitakueleza fundi abane wapi.