Meno ya Bandia Yanayocheza na Habari ya Skrubu Mfupani

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 61, mkazi wa Moshi. Miaka tisa iliyopita niling'olewa magego matatu ya chini, nikatengenezewa meno ya bandia ya kuvaa na kuvua. Sasa yanacheza, na nikila makande punje huingia chini yake hata nikalazimika kuinuka mezani. Mwanangu aliyeko Arusha anasema nipandikizwe meno kwa skrubu. Je, chuma kitakaaje mfupani bila kuoza? Nina kisukari pia.

JIBU: Shikamoo mama. Usimlaumu fundi aliyekutengenezea. Jino likishang'olewa, mfupa uliolishika hukosa kazi na kupungua mwaka hadi mwaka, ilhali meno ya bandia hubaki na umbo la taya la siku ile yalipopimwa. Tatizo hilo ni la zamani: George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alivaa meno yaliyochongwa kwa jino la kiboko na kushikizwa kwa springi, nayo yalimtesa sana. Mpira mgumu uliokuja katika karne ya 19 ulikaa vizuri zaidi, lakini bado ulikuwa umelala juu ya ufizi tu.

Mabadiliko yalitoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1952 Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi, akichunguza mwendo wa damu katika mfupa wa sungura, aliweka humo kifaa cha metali ya titani, na alipotaka kukitoa akakuta mfupa umekishika kabisa. Titani hujifunika utando mwembamba usioruhusu kutu, nao mfupa hukua hadi kuugusa. Mwaka 1965 alimpandikizia mgonjwa wa kwanza skrubu za titani za kushikia meno, ingawa wataalamu wengi walikuja kumwamini baada ya mkutano wa wataalamu wa meno uliofanyika Toronto, Kanada, mwaka 1982.

Kwa hiyo skrubu haiozi. Kinachoweza kuugua ni ufizi na mfupa unaoizunguka, hasa usafi ukilegea. Mfupa hutobolewa polepole huku ukimwagiwa maji, kwa kuwa joto huua chembe zake, kisha skrubu huingizwa, na kwa kawaida husubiriwa miezi mitatu hadi sita mfupa uishike kabla ya kuvishwa kofia ya jino, yaani sehemu ya juu inayoonekana. Rangi ya kofia hulinganishwa na meno ya jirani, hata yawe na ukahawia wa floridi ya maji ya huku kwetu.

Kisukari hakikuzuii kikiwa kimedhibitiwa, basi nenda na majibu ya kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu. Omba pia picha ya eksirei inayoonyesha unene wa taya na mahali mshipa wa fahamu unapopita, kwani mshipa huo ukiguswa, mdomo wa chini unaweza kufa ganzi. Baada ya miaka tisa mfupa wako huenda umepungua kiasi cha kuhitaji kuongezewa kwanza, na hapo gharama hupanda. Ikikushinda, meno uliyo nayo yanaweza kujazwa upya upande wa ufizi yakae vizuri. Kazi hiyo ni nafuu, na mimi ningeanzia hapo.