Acheni kumuuliza kama anawakumbuka

Mdogo wangu aliporuhusiwa hospitali baada ya ajali ya pikipiki iliyomuumiza ubongo, sisi nyumbani tulijua kazi imeisha. Kidonda cha kichwani kimefunga, anatembea, anaongea, tunataka nini tena? Labda siku ya kuondoka tulielezwa kwamba ndo kwanza kazi inaanza, ila kwa furaha ile nani alikuwa na masikio ya kusikiliza.

Wiki ya kwanza wageni hawakatiki, na kila anayeingia anamwinamia pale kwenye kiti, "haya, mimi nani? unanikumbuka?" Sisemi walikuwa na nia mbaya, hata mi nilimuuliza hivyohivyo. Siku moja nikakaa upande wa pili nikamwangalia usoni wakati anaulizwa, jasho limemtoka juu ya mdomo, macho yanahangaika, halafu akataja jina silo na watu wakacheka kidogo. Jioni ile hakuongea tena na mtu. Toka hapo nikaweka sheria, anayeingia anajitaja mwenyewe, "mi shangazi yako, nimekuja kukuona", basi. Maana ukimlazimisha mtu mwenye shida ya kumbukumbu abahatishe, lile jibu la makosa nalo linaweza kukaa kichwani na kesho ndo atakalolitoa, kwa hiyo mpe jibu sahihi, arudie, umpe tena, kidogo kidogo litashika.

Kilichotugombanisha zaidi ni uvivu, yaani tulichokiita uvivu. Unamwambia kaoge anasema sawa, unarudi baada ya saa nzima yupo palepale na taulo mapajani. Nilimfokea sana, naumia nikikumbuka. Mpaka daktari wa kliniki alipotueleza kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, hapa nyuma ya paji la uso, ndiyo inayomwanzisha mtu kufanya jambo, inapanga hatua zake na inazuia hasira, na ikiumia mtu anaweza akawa anataka kabisa kuoga lakini ule msukumo wa kuinuka hauji. Kumbe na zile hasira za kulipuka ghafla zinatoka hukohuko. Kuna yule mfanyakazi wa reli Marekani, Phineas Gage, mwaka 1848 chuma kilimpenya kichwani akapona, ila rafiki zake wakasema huyu siye Gage tuliyemjua. Watu wengi wakimsimulia wanaishia hapo, mimi kilichonigusa ni kwamba baadaye alienda Chile akaendesha magari ya farasi kwa miaka kadhaa, kazi yenye utaratibu uleule kila siku, na wapo wataalamu wanaoona utaratibu huo ndo ulimsaidia.

Basi na sisi tukaweka ratiba. Karatasi kubwa ukutani, hatua mojamoja, piga mswaki, chukua taulo, ingia bafuni, na alamu kwenye simu. Ukimwagiza, agiza kitu kimoja, halafu nyamaza, hesabu kimoyomoyo mpaka 10 kabla hujarudia. TV zima. Na mazoezi yawe asubuhi akiwa na nguvu, mafupi, apumzike, aendelee, kwa sababu ubongo ulioumia unachoka vibaya na ukimlazimisha akiwa amechoka hapo ndo hasira zinapoanzia.

Sasa mama. Mama alikuwa anamfunga vifungo vya shati kila asubuhi kwa upendo wote. Mtaalamu wa mazoezi alipokuja akamwambia, mama, kila kifungo unachomfungia umemnyima zoezi, ubongo unajenga njia mpya kwa kurudiarudia kitendo chenyewe. Siku ya kwanza tulimwachia, vifungo 6 vilichukua dakika zaidi ya 20, mkono wa kushoto unatetemeka, kidole gumba kinateleza kwenye kitundu, anaanza upya, mama kashindwa kuangalia katoka nje. Akamaliza, shati limepanda upande mmoja. Hatukulirekebisha. (Na huo mkono dhaifu msimvute nao kumwinua, bega linaweza kuchomoka.)

Mengine ya haraka ila msiyapuuze. Dawa za degedege haziachwi kienyeji, pombe hapana, kuendesha chombo mpaka daktari aruhusu. Akianza kuumwa kichwa kunakozidi, akatapikatapika, akalala usingizi ambao haamki vizuri, akapata degedege, au mboni moja ikawa kubwa kuliko mwenzake, hospitali saa hiyohiyo msisubiri kuche.

Miezi 6 ya mwanzo tuliona mabadiliko makubwa, baadaye yakaja polepole mpaka mama akaanza kusema ameishia hapo. Hakuishia, mwaka wa pili ndo alianza kukaa na watu wawili wanaoongea kwa pamoja bila kuziba masikio.

Na anayeuguza naye ni mtu. Mama alipungua, usiku halali akisikia kikohozi tu kasimama mlangoni, na tulikuwa tunamsifia eti ana moyo. Ilibidi nikae na ndugu zangu niwaambie pole za kwenye simu zimetosha, nataka siku, taja siku yako. Kuna waliokasirika. Sasa Alhamisi ni zamu ya kaka, anakuja asubuhi na mapema, anamwongoza kwenye ile karatasi ya ukutani hatua kwa hatua, na mama anafunga mlango wa chumba chake analala mpaka mchana na hakuna anayemgongea.