Moduli imelipiwa, 4G ni ya dunia nzima, sasa mrabaha wa nini?

Mkuu, kama nimekuelewa, mnaunda mita za maji za kulipia kabla zenye moduli ya 4G, mmepata mteja Ujerumani, na mkataba wake unataka mthibitishe kwamba hakuna atakayekuja kudai hataza (haki ya mvumbuzi iliyosajiliwa). Unauliza mtu anawezaje kudai mrabaha (malipo ya kutumia hataza) kwa kiwango cha kiufundi cha dunia nzima, tena moduli mmeinunua kihalali. Waliotangulia wamekwambia "saini tu, nani atawafuata Tanzania?" Tafadhali usisaini bado.

Nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye kampuni ndogo hapa Dar iliyounda vifaa vya kufuatilia magari. Nilikuwa upande wa ufundi, lakini mikataba ya vipuri ilikuwa inapita mezani kwangu. Siku mteja wa Ulaya alipoleta kipengele kama hicho chako, nilirudi kwenye mkataba wa muuzaji wa moduli. Muuzaji alikuwa ameahidi kutukinga na madai ya hataza, isipokuwa hataza zinazohitajika kutekeleza kiwango cha mawasiliano. Yaani alitukinga na kila kitu isipokuwa kile chenye uwezekano wa kudaiwa. Nimesoma mikataba ya wauzaji wengine tangu hapo, na kipengele hicho nimekikuta mara nyingi kiasi kwamba sasa ndicho ninachokitafuta kwanza. Kachungulie wa kwenu kabla ya kuendelea kusoma.

Sababu yake ni hii. 4G imeandikwa ndani ya 3GPP, muungano ulioanza 1998, ambao leo unakutanisha mashirika ya viwango ya Ulaya, Amerika Kaskazini, China, Japani, Korea na India. Wanaoleta mapendekezo ya kiufundi ni wahandisi wa makampuni, na kampuni makini huomba hataza kabla mhandisi wake hajapeleka pendekezo mkutanoni. Pendekezo likipita, kila anayeunda kifaa cha 4G atatumia ubunifu ule, apende asipende, kwa sababu bila huo kifaa hakitaongea na mnara. Kwa hiyo kusoma kiwango ni bure, ila kukitekeleza kunagusa mali za watu.

Watu waliona hatari hiyo mapema. Mwaka 1988, wakati mitandao ya Ulaya inaagiza mitambo ya GSM (mfumo wa simu wa 2G), ilitaka wauzaji waachie hataza zao bila malipo. Motorola, iliyokuwa na hataza nyingi kuliko wengine, ilikataa. Ikachagua kubadilishana leseni na makampuni machache yaliyokuwa na hataza za kubadilishana nayo. Asiyekuwa na kitu mkononi alibaki nje, na Wajapani waliachwa hivyo hivyo pamoja na uhodari wao wote wa vifaa vya elektroniki. Soko la GSM la miaka ya 90 likawa la majina machache: Ericsson, Nokia, Siemens, Motorola, Alcatel. Mimi naona kisa hiki ndicho muhimu kuliko vyote kwetu, kwa sababu ukiingia sokoni leo kutoka Dar au Nairobi bila hataza hata moja, umesimama pale pale waliposimama wale Wajapani.

Kinachokutofautisha nao ni ahadi. ETSI, shirika la viwango vya mawasiliano la Ulaya lenye makao Sophia Antipolis, Ufaransa, liliweka sera mwaka 1994: mwanachama mwenye hataza inayohitajika kwenye kiwango aitangaze, na anaombwa aahidi kwa maandishi, bila kuweza kujitoa baadaye, kwamba atatoa leseni kwa masharti ya haki, ya kuridhisha na yasiyobagua. Ndiyo hiyo FRAND, kifupi cha Kiingereza cha masharti hayo, utakayoikuta kwenye barua za wenye hataza. Ahadi hiyo haikutolewa kwa wakubwa wenzao pekee. Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya Unwired Planet dhidi ya Huawei ya Agosti 2020, iliitambua kuwa mkataba unaoweza kudaiwa na anayetaka leseni, hata kama hakuwepo ahadi ilipotolewa. Hukumu hiyo hiyo ina upande mchungu: ilikubali kwamba mahakama ya Uingereza inaweza kupanga kiasi cha mrabaha kwa dunia nzima.

Na msiogopeshwe na wingi wa hataza zilizotangazwa. ETSI haikagui kama kweli hataza fulani ni ya lazima. Inapokea tangazo na kuliweka kwenye kanzidata ambayo yeyote anaweza kuifungua. Ukipata barua, una haki ya kuuliza ni hataza zipi, zinagusa sehemu gani ya kiwango, na zimesajiliwa nchi zipi. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilipanga hatua hizi Julai 2015, katika kesi ya Huawei dhidi ya ZTE: mwenye hataza akueleze kwanza kosa liko wapi, wewe uoneshe nia ya kuchukua leseni, akupe bei kwa maandishi na namna alivyoikokotoa, usipokubali, utoe yako haraka. Anayekaa kimya ndiye anayezuiwa kuuza. Kwa hiyo barua hiyo ijibiwe.

Sasa, kwa nini wasimdai aliyeunda chipu? Wengi wa wenye hataza wanapendelea kutoa leseni kwa mwenye kifaa kamili, maana mrabaha unaopimwa kwa kifaa ni mkubwa kuliko unaopimwa kwa chipu ya dola chache. Daimler, waundaji wa magari ya Mercedes, walibishana na Nokia juu ya jambo hilo hilo. Mahakama ya Düsseldorf, Ujerumani, ilipeleka swali kwenye ile Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, Luxembourg, mwaka 2020, lakini Juni 2021 Daimler wakakubali kulipa, kesi ikafungwa na swali likabaki bila jibu. Nalionea uchungu hilo, kwa sababu wanaoumia ni waundaji wadogo wasio na mawakili wa kampuni ya magari.

Kuhusu "hawatakuja Tanzania": hataza ni ya nchi kwa nchi. Isiyosajiliwa hapa, kupitia BRELA (wakala wa usajili wa Tanzania) au kupitia ARIPO ya Harare (shirika la Afrika la hakimiliki za ubunifu), haina nguvu hapa (Zanzibar ina sheria yake ya 2008, iangalieni peke yake). Kwa mita mtakazofunga Morogoro, hatari ni ndogo kweli. Ila mita zenu zinaunganishwa wapi? Kama ni Shenzhen, hataza za China zinawahusu. Na zikitua Hamburg, za Ujerumani zinawahusu. Wadai hufuata zilipo hataza na mahakama iliyozoea kesi hizi. Qualcomm walipoishtaki Transsion, wenye Tecno, Infinix na itel, Julai 2024, walikwenda Delhi ingawa soko kubwa la simu hizo ni Afrika. Na cheti cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, hakihusiani na haya. Kinathibitisha kifaa kinafuata kiwango, hakisemi kama umelipia hataza.

Sisi tulifanya hivi. Tulikataa kumpa mteja kinga isiyo na kikomo. Mteja alikuwa tayari na leseni zake, kwa hiyo tuliandika kwamba vifaa vitakavyouzwa Ulaya mrabaha ni juu yake, nasi tukapunguza bei kidogo. Kwa soko la hapa tulitenga akiba kwa kila kifaa. Kwenu ninyi, kama mita inatuma usomaji mara chache kwa siku, fikirieni NB-IoT au LTE-M (aina za 4G za vifaa vinavyotuma data kidogo) pale mtandao upo. Sisvel, kampuni inayosimamia leseni za hataza, wana leseni ya pamoja ya aina hizo tangu 2022, ambapo mnazungumza na mlango mmoja kwa hataza za makampuni kadhaa. Msichukue bei za simu kama kipimo. Nokia walipotangaza mwaka 2018 ukomo wa euro 3, walikuwa wanasema simu ya 5G, si mita ya maji.

Ukiweza weka hapa kipengele chenyewe cha mkataba (futa majina), aina ya mawasiliano ya moduli, na nchi inakounganishwa. Nitakipitia, na wanasheria waliomo humu watuongezee.