FOXP3 ikigoma kuonekana, usikimbilie kulaumu mikono yako

Jana usiku nimepokea ujumbe wa binti mmoja anayesoma shahada ya uzamili huko Arusha: "Dada, shikamoo. Kingamwili ya FOXP3 imenigomea. Msimamizi anasema sijui kupaka rangi seli. Nifanyeje?" Usingizi uliruka. Hayo maneno nami niliwahi kuambiwa, tena mbele za watu.

FOXP3 ndiyo protini inayoziongoza seli T za udhibiti, zile zinazoizuia kinga isiushambulie mwili wenyewe. Kazi ya kuzigundua ndiyo iliyowapa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2025, na sisi wachache wa fani hii hapa Moshi tulishangilia kama tumeoza binti. Shida yake ni inapoishi. CD4 na CD25, protini nyingine tunazotambulia seli hizi, ziko juu ya utando, na kingamwili (ile yenye rangi, inayonasa protini moja tu) inazifikia bila taabu. FOXP3 imejificha ndani ya kiini. Lazima seli uikaze kwa dawa, kisha uitoboe mpaka huko ndani.

Katika maabara moja niliyopitia (siitaji) tulikuwa na mtaalamu mgeni aliyekuja na boksi lake la bafa, yaani maji ya dawa ya kuandalia seli. Tukapaka, tukapitisha kwenye flosaitometa, mashine inayosoma rangi za seli moja moja: CD4 inang'aa, CD25 ipo, FOXP3 kimya. Tukarudia, kimya. Kwenye kikao akasema, kwa upole wa kukera, kwamba watu wa hapa bado tunahitaji mafunzo ya msingi. Wenzangu wakainama. Mimi nikameza mate, nikaenda kusoma karatasi iliyokuwa ndani ya boksi lake.

Bafa ilikuwa ya saitokini! Ile inatoboa kwa saponini, dawa nyepesi, na saitokini (protini ambazo seli hupashana nazo habari) zikiwa nje ya kiini zinafikika. FOXP3 inataka bafa ya protini za ndani ya kiini, ambayo ni kitu kingine kabisa. Tuliipata hatimaye (ya malipo na forodha tuyaache), nikapaka damu mpya kwa mikono hii hii. Kundi likajitokeza palepale: CD25 juu, CD127 (protini nyingine ya utando, ambayo seli hizi huwa nayo kidogo) chini, FOXP3 ipo, na idadi yake ndani ya ile asilimia 5 hadi 10 ya seli za CD4 tunayoitarajia kwa mtu mzima. Nikaichapisha grafu kwa rangi, nikaibandika mlangoni. Mgeni akasema, "Vizuri, tuendelee." Pole sijaisikia hadi leo.

Kwa hiyo mdogo wangu, soma karatasi. Angalia kloni, yaani toleo la kingamwili yako: FJK-16s ilitengenezwa kwa ajili ya seli za panya, kwa binadamu tafuta PCH101, 259D au 236A/E7. Kama kingamwili yako imeunganishwa na PE (rangi inayong'aa), isigande kamwe, inakaa kwenye friji, gizani. Wakala wa mizigo akisikia "baridi" huitupa kwenye freeza akidhani anakusaidia, basi mpigie simu kabla ndege haijatua KIA. CD25 na CD127 zipake kabla ya kukaza seli. Tenga mrija mmoja wenye rangi zote isipokuwa ya FOXP3, la sivyo hutajua mstari wa kutenga zenye FOXP3 na zisizo nayo uuchore wapi. Na ukizichochea seli T za binadamu, hata za kawaida huonyesha FOXP3 kwa muda, usije ukatangaza umegundua jeshi la udhibiti.

Tena nasema, soma karatasi. Vijana mnapenda grafu za kupendeza, ila karatasi ya kiwandani mnaifungia maandazi. Atakayekudharau hatakusomea. Wasomi wa huku tumezoea kuitikia "ndiyo" kwa kila anayeshuka na sanduku, tukidhani yaliyomo yamekaguliwa na malaika.

Msimamizi wako akiendelea kusema ni mikono, mwombe kwa heshima zote apake yeye sampuli moja, wewe ukiwa umesimama pembeni na ile karatasi, unamsomea hatua kwa hatua.