Ukitaka kuonja bia ngeni, anza na pua ya nyumbani

Watu wengi hapa Moshi wakisikia kwamba naonja bia za viwanda vidogo, hizi tunazoziita krafti, na kuandika maoni yangu, huniambia kwamba wao kazi hiyo hawaiwezi. Wanadhani mpaka uwe umesomea Ulaya. Nawakatalia kabisa. Mtu aliyekulia kwenye mji wa mnada wa kahawa, akazungukwa na vihamba vya migomba, akapita mara kwa mara mbele ya nyumba inayopika mbege, tayari ana pua na ulimi wa kazi hii. Kinachobaki ni kuvizoesha kwenda polepole, na kuandika anachokikuta kwa maneno yake mwenyewe.

Chukua hiyo mbege. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi mpaka zibadilike rangi, zikaachwa zichachuke siku kadhaa, zikachujwa. Ulezi nao huloweshwa mpaka uote, ukaanikwa, ukasagwa. Hicho ni kimea, na Wajerumani hukitengeneza kwa njia hiyohiyo, ila wao wanatumia shayiri. Uchungu wa mbege hutoka kwenye gome la msesewa. Uchungu wa bia za Ulaya na Marekani hutoka kwenye hopsi, maua ya mmea unaopanda juu ya kamba, unaolimwa Hallertau kule Ujerumani, Žatec kule Czech, Yakima kule Marekani, na hata George kule Afrika Kusini. Kwa hiyo siku utakapoonja IPA ya kwanza, bia yenye hopsi nyingi, na uchungu ukakushika nyuma ya ulimi, usiweke glasi mezani na kusema haifai. Uchungu unaujua tangu utotoni. Uulize maswali: umekuja mara moja au umechelewa? Unaondoka haraka au unabaki mpaka umemeza mate mara mbili tatu? Unafanana na msesewa, na mwarobaini, na mnafu, au na ganda la chungwa? Ukishajibu hayo, umeandika nusu ya maoni yako, na msomaji wa Kiboriloni au Njiro amekuelewa kuliko ungemwandikia kwamba bia ina harufu ya msonobari, mti ambao huenda hajawahi hata kuvunja tawi lake.

Nina shangazi Kibosho aliyepika mbege karibu maisha yake yote. Siku moja nilimpelekea gueuze, bia chachu ya Ubelgiji, chupa niliyopewa na mgeni aliyekuwa ameshuka mlimani. Nilimmiminia kidogo tu bila kumweleza chochote. Alinusa kwanza, bila mtu kumwambia anuse. Akaonja, akanyamaza, akaonja tena. Kisha akasema, "Mwanangu, hii si ya juzi wala jana. Imekaa sana, lakini haikuharibika. Na aliyeipika amechanganya ya zamani na mpya." Gueuze ni mchanganyiko wa lambic za umri tofauti, kwa kawaida za mwaka 1, miaka 2 na miaka 3, na lambic yenyewe haiwekewi hamira ya dukani, huachwa wazi usiku ipoe, ikachachushwa na vijidudu vya hewani na vya kwenye mapipa. Shangazi hakuwahi kusikia neno lolote kati ya haya. Aliyajua kwa sababu maisha yake yote amekuwa akitofautisha mbege ya leo, ambayo bado ina utamu, na ya kesho yake ambayo imeanza kuuma. Tangu siku hiyo, bia yoyote chachu ninayoipata naionja naye, na maoni yake naandika kabla ya yangu.

Sasa jambo ambalo nalisisitiza kuliko yote: baridi. Ukiingia baa yoyote, dada wa kaunta atakuuliza, "Ya baridi au ya moto?" Yaani ya kwenye friji au ya kwenye kreti. Kwa krafti, majibu yote mawili hayakusaidii. Bia iliyokaribia kuganda haina harufu, na ulimi uliopigwa ganzi hausikii kitu zaidi ya gesi. Bia ya moto ya Moshi, hasa mwezi wa pili, nayo inakuwa nzito na pombe inapanda puani. Ninachofanya ni kuitoa kwenye friji na kuiacha mezani. Bia nyepesi za njano, dakika chache tu zinatosha, kwa sababu hizo zinapendeza kwenye nyuzi 4 mpaka 7 za Selsiasi. IPA na bia nyingine za jamii ya ale, zinazochachushwa kwenye joto zaidi kuliko hizo za njano, huzifaa nyuzi 8 mpaka 12. Stout nzito, ile bia nyeusi, naiacha zaidi, mpaka kiganja kinaposhika glasi na kuhisi ubaridi wa maji ya mtungini. Halafu siimalizi haraka. Waonja kahawa wa hapa mjini hufanya hivyohivyo: hurudia kikombe kilekile kinavyozidi kupoa, kwa sababu kila joto lina jambo lake. Kwa bia ni kinyume tu, wewe unarudia glasi inavyozidi kupata joto. Stout niliyoiona haina maana mwanzoni imewahi kunifungukia kahawa na chokoleti baada ya robo saa, bila mimi kuongeza chochote zaidi ya subira.

Glasi iwe safi, na usafi wenyewe ni wa kukosa mafuta. Glasi iliyooshwa kwa sponji ya sufuria ya nyama inaua povu, na povu likifa harufu inapotea. Ile ya mvinyo, iliyobana juu, ndiyo nzuri kuliko zote. Usinywee kwenye chupa. Mimina kwa kuinamisha kwanza, kisha inyooshe mwishoni ili povu lipande vidole viwili. Nusa kabla hujaonja, na lile funda la kwanza usiliamini, kwa sababu mdomo bado una habari za chakula cha mchana. Mkate mkavu na maji vinatosha kati ya bia na bia. Nyama choma na pilipili vije baadaye.

Bia ninayomshauri kila mtu wa huku kuanza nayo ni ya ngano ya Kijerumani, hefeweizen. Sababu ni ndizi. Ukiimimina, ina rangi ya juisi ya chungwa iliyofifia, ukungu mtupu, povu jeupe jingi. Ukiinusa, unapata ndizi mbivu, ile iliyoanza kupata madoa meusi, na nyuma yake karafuu. Watu nilioionja nao hapa huapa kwamba wametia ndizi. Hawakutia hata moja. Ni hamira yake tu, ambayo wakati wa kuchachusha hutoa isoamili asetati, kemikali ileile inayoipa ndizi mbivu harufu yake, na hamira hiyohiyo hutoa pia ile ya karafuu. Ukiiweka karibu na mbege, ambayo ndizi zake zimechemshwa na kuchachushwa mpaka harufu ya tunda imegeuka kuwa kitu kingine, unajifunza somo kubwa la uonjaji kwa mara moja: harufu ya tunda haimaanishi tunda limo, na tunda kuwamo hakumaanishi utalinusa. Chini ya chupa kuna mashapo ya hamira. Mimina mpaka ibaki kidogo, izungushe, kisha umalizie. Aliyezoea makapi ya ulezi kwenye mbege hatashtuka.

Ukitoka hapo, nenda kwenye pale ale, yaani ale ya rangi hafifu, au IPA ya mtindo wa Kimarekani. Hopsi ya Cascade, iliyotolewa kwa wakulima kule mwaka 1972, ndiyo iliyofungua njia ya harufu ya balungi kwenye bia, na nyingine zilizofuata zikaleta embe, pasheni na hata mapera. Halafu stout, ambayo shayiri yake imekaangwa mpaka ikawa nyeusi. Yeyote aliyewahi kukaanga kahawa nyumbani anajua ule moshi unapokaribia kuungua, utaukuta humo. Kwa siku moja, fuata mpangilio huo, nyepesi kabla ya nzito. Ukianza na stout, ya ngano itakuwa maji.

Kosa kubwa ninaloliona kwenye maoni ya watu ni kuipima bia kwa bia nyingine isiyo ya jamii yake. Mtu anaandika, "Si kama Kilimanjaro." Kweli, haikukusudia kuwa. Kilimanjaro, Safari na bia nyingi za baa zetu ni lager, za ukoo wa pilsner iliyopikwa mara ya kwanza Plzeň mwaka 1842, bia angavu, ya kukata kiu, na kwa kazi hiyo ni nzuri sana. Mimi nazinywa na nazipenda. Ila mpishi wa bia chachu alikusudia uchachu. Soma lebo kwanza, ujue alikuwa anaelekea wapi, kisha sema amefika au hajafika. Kama umeonja na hukuipenda ingawa imepikwa vizuri, andika yote mawili. Huo ndio uungwana, na msomaji anapata cha kuamulia mwenyewe.

Kuna pia kasoro za kweli, na lazima uzitambue. Harufu ya boksi lililolowa maji ni bia iliyozeeka au kuingiwa na hewa. Harufu ya siagi mara nyingi ni kwamba hamira haikupewa muda wa kumaliza kazi. Mahindi ya kuchemsha, kwenye bia ya njano, ni kasoro ya upishi. Na ile harufu ya kicheche, inayokufanya urudishe kichwa nyuma, ni mwanga: mwanga ukiipiga hopsi ndani ya chupa ya kijani au nyeupe, huigeuza. Chupa ya kahawia inakinga vizuri zaidi, kopo linakinga kabisa.

Lakini kabla hujamlaumu mpishi, fikiria bia imefikaje. Krafti nyingi tunazozipata huku zinatoka mbali. Nairobi kuna viwanda vidogo kama Bateleur na 254, nyingine zinatoka Dar es Salaam, nyingine zimo kwenye mizigo ya watalii wanaotua uwanja wa ndege wa KIA. Chupa iliyokuja kwenye buti la basi kutoka Dar mchana wa jua kali, kisha ikasimama dirishani dukani, si tena ile iliyotoka kiwandani. IPA ndiyo inayoumia zaidi, kwani harufu ya hopsi ndiyo ya kwanza kuondoka. Angalia tarehe ya kufungwa, siyo ya kuisha tu. Muulize muuzaji, "Mangi, hii imekaa kwenye friji tangu ifike?" Jibu lake liandike kwenye maoni. Kiwanda kidogo chenye wafanyakazi wachache kinaweza kuumizwa na sentensi moja ya mtu aliyeonja bia iliyopigwa jua, na naona ni haki yao tuandike na mazingira.

Kuhusu alama, fomu inayotumiwa na waamuzi wa BJCP, mpango wa Marekani unaowapa vyeti waamuzi wa bia, ina alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia mdomoni 5, na kwa ujumla 10. Ona mwonekano ulivyopewa kidogo. Kwenye Untappd, programu ya simu ya kuandikia bia ulizoonja, unatoa nyota mpaka 5. Tumia upendacho, ila alama peke yake haimwambii mtu kitu.

Tafadhali gawaneni. Kopo moja la mililita 330 kwa watu wanne ni glasi ndogo kila mmoja, na kwa kuonja hiyo inatosha. Krafti nyingine zina nguvu: kopo hilo likiwa la asilimia 8 lina pombe karibu sawa na Safari kubwa ya mililita 500 yenye asilimia 5.5, na stout ya asilimia 10 inaizidi. Gari liache nyumbani, pikipiki pia.

Maoni yenyewe hayahitaji urefu. Haya niliyaandika juu ya stout moja tuliyoionja nyumbani, Rau, na rafiki zangu:

"Kopo, limefungwa miezi miwili iliyopita, muuzaji anasema limekaa kwenye friji. Nyeusi, ukiinua kwenye taa kingoni ni nyekundu kama chai ya rangi. Povu la kahawia, limekaa. Harufu: kahawa iliyokaangwa sana, sukari guru, moshi kidogo. Mdomoni nzito bila kunata, gesi ndogo. Utamu unaanza, uchungu wa kahawa unamaliza na unabaki muda mrefu. Ilipopata joto ikaja ndizi ya kuchoma, sikuitarajia. Shangazi anasema ingekaa siku chache zaidi kabla ya kufungwa. Bei ni ya Safari mbili. Nitainunua tena, lakini mwezi wa saba, si wa pili."