Shanga za "jade" zinatoa rangi, nifanye je?

Jambo dada wa Bukavu, nimeona shida yako: umenunua nyuzi tatu za jade bei ya chini, umeziosha na maji yamekuwa kijani. Pole, hiyo ni rangi walipaka. Jade ni mawe mawili tofauti, jadeiti na nefriti, na jadeiti ya maana zaidi inatoka Myanmar, ni ghali sana. Ile wanaita "jade ya Malaysia" mara nyingi ni kwatzi (jiwe la kawaida) ya kupaka rangi tu, na "jade mpya" ni serpentini, jiwe ingine, mara nyingi kisu kinaweza kuikwaruza.

Mimi niko Lubumbashi natengeneza mikufu, kwanza naangalia tundu ya shanga na lupu (kioo kidogo cha kukuza), kama rangi imejikusanya pale ao ndani ya nyufa, narudisha. Halafu napima uzito na mkono, juu kwatzi ni nyepesi kuliko jadeiti ya ukubwa ule ule. Uliza pia kama ni aina A, maana yake haikupitishwa kwenye asidi wala kujazwa rezini, kitu kama gundi (B ndiyo hiyo) wala kupakwa rangi (C).

Wengine huku watakuuzia malakiti, jiwe la kijani, ile ya mistari mistari. Nzuri kweli, mi naipenda kuliko jade, lakini ni laini, usiisafishe na ndimu, na usiitoboe kavu bila maski, vumbi yake iko na shaba, ni sumu.

Kama muuzaji anataka pesa nyingi, mwambie alete cheti cha laboratware ya vito mbele hujalipa. Zile zako uza tu kama shanga za rangi, usimwambie mteja ni jade.